Geuza Picha Uone Mgongo Wake

Haipiti muda bila mtu kunirushia picha ya Beit al-Ajaib iliyoandikwa chini yake "Unguja 1890". Jumba linapendeza, bahari shwari, watu wa kanzu wanapita Forodhani, na anayeirusha huongeza maneno mawili matatu ya kuusikitikia mji ulivyokuwa. Tatizo ni mnara. Kwenye picha hiyo mnara wa saa umesimama usoni pa jumba, na mwaka 1890 mnara huo haukuwepo hapo. Sayyid Barghash alipolijenga jumba hilo mwaka 1883, mnara ulikuwa kitu cha peke yake mbele ya majumba ya kifalme, wenye taa ya kuongoza vyombo vinavyoingia bandarini. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zikampiga kwa mizinga Sayyid Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitwalia kiti cha usultani, vita ambayo haikufika hata saa moja. Beit al-Hukm, jumba la jirani, likawa kifusi, na mnara ukaharibika hata ikabidi ubomolewe. Huu tuliozoea kuuona sisi ulijengwa baadaye, ukaunganishwa na uso wa Beit al-Ajaib, na ndio ulioporomoka pamoja na sehemu ya mbele ya jumba tarehe 25 Desemba 2020.

Basi picha yenye mnara usoni pa jumba haiwezi kuwa ya kabla ya mizinga, na picha yenye mnara mzima uliosimama peke yake haiwezi kuwa ya baada yake. Kitu kimoja tu kikitazamwa vizuri kinagawa mamia ya picha za Forodhani mafungu mawili. Lakini nani anatazama? Tunazipenda picha za zamani kwa sura zake. Tunazirusha, tunazitundika hotelini, tunazichapa kwenye kalenda, na ukiuliza ni ya lini, aliyepiga nani, na yule aliyesimama kushoto ni mtoto wa nani, unaonekana unaharibu starehe za watu.

Msimamo wangu ni kwamba sura ya picha, peke yake, haina historia ya mtaa. Historia iko mgongoni mwa picha, ndani ya majalada yaliyolazwa kwenye makabati, na vinywani mwa wazee waliobaki. Vitu hivyo vitatu lazima visutane. Tukichukua kimoja tukaacha viwili tunajitungia hadithi, na Zanzibar haina upungufu wa hadithi.

Tuanze na mgongo wenyewe. Picha nyingi za Unguja ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 zilipigwa na wapiga picha wa Kigoa waliofungua studio mjini, A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho wakiwa miongoni mwa wanaojulikana zaidi, na nyingi kati ya hizo ziliuzwa kama kadi za posta kwa abiria wa meli. Kadi ya posta ina siri zake. Zamani upande wa nyuma uliachiwa anwani peke yake, kwa hiyo mwenye kutaka kusema neno aliliandika pembeni ya picha yenyewe. Uingereza iliruhusu upande wa nyuma ugawanywe mara mbili, ujumbe huku na anwani kule, mwaka 1902, na nchi nyingine zikafuata. Ukigeuza kadi ukakuta mstari wa kugawa katikati, umeshajua haikuchapishwa zama za Sayyid Barghash. Kisha kuna stempu. Sayyid Hamoud bin Mohammed alitawala tangu 1896 hadi 1902, na Sayyid Khalifa bin Harub akakaa tangu 1911 hadi 1960. Sura ya mtawala kwenye stempu inakwambia kadi haikupita posta kabla ya miaka fulani, na muhuri wa posta ukisomeka unakupa mpaka siku.

Hapo lakini pana mtego, na wengi tunauingia. Muhuri unaeleza siku kadi ilipotumwa. Haukwambii siku picha ilipopigwa. Mwenye studio akishapata kioo kizuri cha negativu, alikichapisha mwaka baada ya mwaka mradi wateja wapo. Kadi iliyotumwa 1912 inaweza kabisa kuwa na picha ya miaka mingi nyuma. Ndipo unaporudi usoni kutafuta mnara, au reli ya treni ya Bububu iliyoanza kwenda mwaka 1905 ikipita katikati ya mji na haikufika hata miaka ya thelathini, au maji ya hori, ule mkono wa bahari pale Darajani, kabla halijafukiwa. Uso unausuta mgongo, na mgongo unausuta uso.

Wanaonisumbua zaidi ni watu. Majengo yana majina hata kwenye kadi ya kitalii: Ngome Kongwe, Beit al-Ajaib, kanisa la Mkunazini. Wenye majumba wana majina. Sultani ana jina, balozi ana jina, Tippu Tip aliyeketi kwa kilemba chake ana jina. Lakini mwanamke aliyesimama na mtungi, msichana mwenye kipini aliyefunikwa kanga hadi kidevuni, mpagazi, mchuuzi wa madafu, hawa wote wameandikwa "mrembo wa Kiswahili" au "mwenyeji wa Zanzibar". Hata hilo la Zanzibar si la kuaminika, kwa kuwa kadi moja iliweza kuuzwa Unguja kwa maelezo haya na Mombasa kwa maelezo mengine, ikitegemea muuzaji ana shehena ya wapi. Mtu huyo alikuwa na jina, baba, na mtaa. Mpiga picha hakuliuliza, au aliliuliza akaona halina soko.

Na wakati mwingine hata mahali si pale. Picha maarufu za Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, akiwa amevaa marinda na mapambo ya Kizanzibari, zinazotumika leo kuelezea maisha ya ndani ya majumba ya Unguja, zilipigwa studio huko Hamburg. Salme aliondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa Aden mwaka 1867, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Alipovaa nguo zile mbele ya kamera alikuwa mhamiaji wa Ulaya anayeonyesha kwao alikotoka. Picha ni ya kweli na nguo ni za kweli, ila anayeitumia kama dirisha la kuchungulia ndani ya Beit al-Mtoni anachungulia studio ya Kijerumani.

Studio za kwetu nazo zilikuwa na mambo yake. Ranchhod Oza alifanya kazi kwa Gomes kabla ya kufungua Capital Art Studio mwaka 1930, na kwa miaka mingi duka hilo la Mji Mkongwe likawa ndipo watu wanapokwenda kupigwa picha ya harusi, ya pasipoti, ya sikukuu. Hapa ndipo mtu wa kawaida anapoanza kuonekana kwa hiari yake na kwa pesa yake. Si kitu cha kutazamwa na abiria tena. Anachagua mkao, anachagua nani asimame naye, na picha anakwenda nayo kwake. Mimi kwa upande wangu nazithamini picha hizi kuliko kadi zote za Forodhani. Lakini nazo zinataka mtu wa kuzisoma.

Nilikaa siku moja kwenye baraza Miembeni na mzee aliyekuwa fundi cherehani, nikamwekea mbele picha tatu kutoka familia tatu tofauti, za studio, vijana waliosimama wima mbele ya pazia lililochorwa nguzo na ngazi. Nilitaka anitajie majina. Yeye hakuanza na nyuso. Alivaa miwani, akaisogeza picha ya kwanza kwenye mwanga, akaweka ukucha juu ya mkono wa koti.

"Mwanangu, unaona mkono huu ulivyomfunika mpaka dole gumba? Koti hili lilishonewa mtu mrefu. Hili la studio."

Akachukua ya pili. Koti lilelile, kifungo cha katikati hakifanani na wenzake. Ya tatu, koti lilelile tena, na safari hii saa imefungwa juu ya mkono wa shati ili ionekane.

"Kila mwanamume wa mtaa huu kalivaa. Hata mie."

Mtu aliyesoma picha zile Ulaya angeweza kuandika kurasa nzima juu ya vijana wa Ng'ambo, upande wa pili wa hori, walivyopenda mitindo ya Kizungu na jinsi hali yao ilivyokuwa nzuri. Fundi cherehani alimaliza shauri kwa ukucha. Majina nayo yalipatikana, mawili kwa uhakika. Katika ile ya tatu yeye alisema kijana ni kuli wa bandarini, na mzee mwenziwe aliyekuja kuketi akasema la, huyu ni ndugu yake, kuli alikuwa mfupi. Hawakuafikiana mpaka adhana ya laasiri. Nimeandika majina yote mawili na nani alisema lipi. Mtu akinishauri nichague moja ili kumbukumbu iwe safi simsikilizi, maana mzozo ule nao ni habari.

Sasa nimefika Ng'ambo, na Ng'ambo ndiyo sababu ya makala haya. Ukikusanya picha zote za zamani za mji wa Unguja ukazitandaza sakafuni, utaona bahari, majumba, milango ya kuchongwa, vichochoro vya Mji Mkongwe. Ng'ambo, ambako watu wengi wa mji waliishi, inaonekana kwa mbali kama mapaa ya makuti nyuma ya hori. Abiria wa meli hakuvuka kwenda kununua picha ya Kisima Majongoo. Kwa hiyo anayejifunza mji kwa picha pekee anajifunza nusu ya mji, tena nusu yenye watu wachache, halafu anaita hiyo "Zanzibar ya zamani" na kusikitika kwamba ilikuwa safi na imepangika, na leo si hivyo.

Pale picha zinapokatika, karatasi inaendelea. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina majalada ya ubalozi wa Kiingereza yenye alama AA, majalada ya sekretarieti ya serikali ya kikoloni yenye alama AB, na kumbukumbu za mahakama zenye alama HC. Zipo pia hati za Kiarabu, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2003 kwenye orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia, kama ilivyofanya mwaka 1997 kwa majalada ya Kijerumani yaliyoko Dar es Salaam. Ukitaja alama hizo kwa mtu wa mtaani anakuangalia kama umetaja namba za bahati nasibu, na simlaumu. Nani amewahi kumwambia kwamba bibi yake anaweza kuwemo humo?

Lakini anaweza. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba haikumwachia mtu huru akiwa amekaa kitako. Ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mbele ya wakuu aombe uhuru wake, na bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Kwenda kuomba ni kuandikwa. Mirathi ni kuandikwa. Kudaiana pesa, kupigana kisimani, kununua kibanda, kuweka nyumba wakfu kwa ajili ya watoto na watumwa walioachwa huru, yote ni kuandikwa. Yule mwanamke ambaye kadi ya posta ilimwita "mrembo", upo uwezekano kwamba mahakama ilimwita kwa jina lake na la baba yake, kwa sababu karani hawezi kuendesha kesi ya mrembo.

Chukua mwaka 1928. Wakazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea vibanda vyao. Walikuwa na hoja: wazee wao walikaa kwenye ardhi hiyo kwa uhusiano wa heshima na wenye ardhi, nyingine ikiwa ya wakfu, na kudaiwa kodi ya kila mwezi, tena inayopanda, lilikuwa jambo jipya. Serikali ililazimika kuchunguza, na serikali ya kikoloni ikichunguza huzaa makaratasi. Jalada la namna hii ukilifungua, juu unakutana na karatasi ya maoni. Afisa mmoja ameandika mistari mitatu, ametia herufi za jina lake na tarehe, amempelekea mwenzake, naye ameandika chini yake mistari miwili na kumrudishia. Wanazungumza wao kwa wao juu ya watu ambao hawamo chumbani. Mtafiti mwenye haraka husoma hapo akanukuu akaenda zake. Sauti ya wenyewe huwa chini kabisa kwenye viambatisho: barua ya malalamiko iliyoandikwa na mwandishi wa kukodi, maneno ya adabu nyingi mno, na mwisho safu ya majina, mengine kwa hati za Kiarabu, na palipo na asiyejua kuandika pana alama ya kidole. Jalada nalo lina mgongo, na mgongo wake ndio mtaa.

Kwenye santuri ndiko Ng'ambo ilikojisemea yenyewe bila mwandishi wa kukodi. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay na wenzake mwaka 1928, mwaka uleule wa mgomo, kurekodi nyimbo za Kiswahili. Ndani ya nyimbo hizo zimo kesi, hukumu, hakimu, jina la mhalifu na la aliyeonewa. Picha za Siti zenyewe ni chache sana. Mwimbaji aliyesikika kutoka Unguja mpaka bara ametuachia sauti nyingi kuliko sura, na sauti hiyo inataja watu kwa majina kwa namna ambayo hakuna kadi ya posta iliyowahi kutaja.

Nisieleweke kwamba simulizi ya mdomo ni safi na karatasi ni ya wakoloni. Simulizi nayo ina biashara zake. Mkunazini wageni huteremshwa kwenye vyumba vya chini, vyenye dari fupi na minyororo, wakaambiwa hapa walifungiwa watumwa kabla ya kupelekwa sokoni. Soko la watumwa lilikuwa eneo hilo, hilo halina ubishi, na lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba ambao Sayyid Barghash alishinikizwa kutia saini. Kanisa la Askofu Edward Steere likajengwa palepale. Lakini jengo lililo juu ya vyumba vile lilijengwa na misheni kuwa hospitali katika miaka ya 1890, na kwa sababu hiyo wapo wanahistoria waliohoji vipi vyumba hivyo viwe vya kabla ya kufungwa soko. Mtu akiuliza hivyo huambiwa anataka kuutetea utumwa. Kinyume chake: utumwa wa Zanzibar una ushahidi wa kutosha, ikiwemo picha za watu waliookolewa zilizopigwa juu ya manowari Daphne mwaka 1868, wamechuchumaa sitahani, mbavu zinahesabika. Hauhitaji kuongezewa chumba.

Nimezungumza kama vile kutaja jina ni jambo jema siku zote. Si hivyo, na hapa ndipo kazi yenyewe inapokuwa ngumu. Ukimwekea mzee picha ya harusi ya miaka ya thelathini akakutajia watu kumi na mbili, kuna mmoja atakayemruka. Kidole kitapita. Ukiuliza, utajibiwa "alikuwa mtu wa nyumbani", na mzaliwa wa hapa anaelewa asiulize zaidi. Asili ya utumwa bado inauma, inaweza kuvunja posa hadi leo, na mtoto wa mtoto wa mtu yule anaweza kuwa anaishi nyumba ya tatu kutoka hapo akijieleza kwa nasaba nyingine. Karatasi ya mahakama ya 1897 inaweza kumfichua. Je, mimi mwenye daftari nina haki hiyo kwa sababu tu nimeliona jina? Nasema sina. Naandika, nafunga, namuuliza mwenye ukoo. Akikataa, jina linabaki limefungwa mpaka wao wenyewe watakapotaka.

Kisha kuna 1964. Baada ya Mapinduzi ya Januari picha iliacha kuwa pambo. Kupigwa picha ukiwa umesimama karibu na mtu fulani, kwenye sherehe ya chama fulani, mbele ya bendera fulani, lilikuwa jambo la kukutia taabuni. Wapo waliochoma albamu zao. Wapo waliokata sura kwa mkasi wakaacha mwili, na picha hizo zipo, mtu hana kichwa katikati ya ndugu zake. Walioondoka waliondoka nazo, na ndiyo maana sehemu ya historia ya Vuga na Malindi na hata ya mashamba ya Pemba leo imo kwenye masanduku ya Muscat, Dubai na London. Ukimtembelea Mzanzibari wa Muscat atakuonyesha Unguja ambayo aliyebaki Unguja hana. Nao wana shida yao, maana wanayo picha lakini majirani wa kuwatambua waliomo wako huku.

Nje kwenyewe kuna mengi. Chuo Kikuu cha Northwestern, nje kidogo ya Chicago, kina mkusanyo wa Winterton wenye zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki, kuanzia miaka ya 1860 hadi 1960. Frankfurt kuna hifadhi ya picha za makoloni ya Kijerumani, makumi ya maelfu, na Tanganyika imejaa humo. Mikusanyo hii inatazamika mtandaoni na mtu aliyekaa Kwahani, na hilo ni jema. Lakini maelezo yaliyowekwa chini ya picha mara nyingi ni yaleyale ya aliyepiga au aliyenunua, na mitambo ya kutafuta inatafuta maneno hayo. Ukiandika jina la bibi yako hupati kitu. Ukiandika "mwenyeji" kwa Kiingereza unapata mamia. Wengi hudai picha zirudishwe, nami siwapingi, ila nina wasiwasi tutapokea makasha tukayafungia makabatini bila hata jina moja kuongezeka. Nakala ya picha inaweza kufika Unguja kwa dakika chache. Jina halina nakala popote.

Na huku kwetu muda unakwenda. Filamu za asetati zikianza kuoza hutoa harufu ya siki, na ukiinusa kwenye sanduku la marehemu ujue zimebaki kidogo. Chumvi ya bahari, mvua za masika na mchwa hawangoji bajeti. Hata wanaookoa wakati mwingine wanaharibu. Nilishiriki siku za nyuma kupeleka albamu ya familia moja ikaskaniwe na watu waliokuja na mashine nzuri. Wakabandua picha kwenye kurasa, wakaskani mbele tu, wakazirudisha ndani ya bahasha, safi, zimepangwa kwa ukubwa. Mpangilio ambao mama wa nyumba aliupanga kwa mkono wake, nani awe karibu na nani, ulikwisha hapo. Mgongoni mwa moja kulikuwa na maandishi ya penseli yaliyotaja mtaa na siku ya Idi, na kwenye faili tulizopewa hayamo. Siku hizi nashikilia mambo ya kishamba kidogo: piga picha ukurasa mzima wa albamu kabla hujagusa kitu, kisha mbele, kisha nyuma hata kama nyuma ni peupe, na jina la anayekusimulia liandikwe palepale pamoja na tarehe. Simu ya kawaida inatosha. Kutuma kwa WhatsApp hakutoshi, maana kwa kawaida picha inabanwa na muhuri wa studio unageuka doa.

Ningepewa mimi pesa kidogo na gari la Nyaraka kwa mwezi mmoja, nisingeanza Mji Mkongwe. Una watafiti wa kutosha, una UNESCO, una wenye hoteli. Ningeanza Kikwajuni na Michenzani na Kisima Majongoo, mitaa ambayo baada ya Mapinduzi ilibomolewa vibanda vyake kupisha majumba yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, kiasi kwamba mtu hawezi tena hata kusimama pale nyumba yao ilipokuwa akaonyesha mlango. Aliyekuwa na miaka kumi na mitano mwaka 1964 leo amevuka sabini na tano. Anakumbuka nani alikaa mkono wa kulia wa msikiti, kisima kilikuwa wapi, cherehani ya nani ilikuwa barazani kwa nani. Ningechapa picha kubwa za anga na za mitaa, ningewaomba masheha, wakuu wa mitaa, wawaite wazee kumi kumi, wanawake siku yao na wanaume siku yao, kahawa na kashata, na kalamu za rangi za kuandika juu ya karatasi ya plastiki iliyolazwa juu ya picha. Wakigombana, vizuri, mwandishi aandike yote mawili. Halafu ramani hizo zipelekwe Kilimani, ziwekwe kwenye kasha moja na majalada ya kodi ya 1928 ya mitaa ileile, ili kijana atakayekuja kuomba jalada akabidhiwe na majina ya waliokaa humo.